Nauli ya Kufika Dirishani: Tafakuri ya Kihistoria Kuhusu Intaneti ya Bure

Kijana mmoja wa Chanzuru, wilayani Kilosa, aliwahi kunieleza namna anavyoitumia simu yake. Wakati huo alikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja mjini Morogoro, na likizo ilikuwa imekaribia. Siku tatu kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani, alisema, hulala saa chache tu. Hukaa chini ya ukuta wa maktaba, mahali ambapo waifai ya chuo hushika vizuri wenzake wakiwa wamelala, akapakua kila kitakachohitajika kwa wiki kadhaa: mihadhara, mitihani ya miaka iliyopita, mwongozo wa maombi ya mkopo kwa ajili ya mdogo wake, maelezo ya kilimo cha mpunga ambayo baba yake aliyaulizia, na nyimbo alizoagizwa na dada zake. Akifika Chanzuru huzima data. Alivyovibeba huvigawa kutoka simu hadi simu bila kutumia hata MB moja. "Mwalimu," aliniambia akicheka, "mimi ndiye posta ya kijiji."

Nililichukulia neno lake kwa uzito kuliko alivyolikusudia. Waifai ya bure huzungumzwa miongoni mwetu kama ujanja wa kubana matumizi: subiri ufike penye mtandao wa bure ndipo usasishe programu, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, hifadhi ramani na vitabu kwenye simu kabla ya safari. Ushauri huo ni mzuri na ninaufuata mwenyewe. Lakini nyuma yake lipo swali la zamani zaidi ya simu: ni nani anayelipa gharama ya habari kumfikia mtu, na ya mtu kuifikia habari? Kila kizazi nchini mwetu kimelijibu swali hilo kwa namna yake. Hoja yangu ni kwamba kizazi chetu kimelijibu vibaya, na kwamba kijana yule chini ya ukuta wa maktaba ni ushahidi wa jibu hilo.

Tuanze na mahali penyewe. Kilosa haikuwahi kuwa pembezoni mwa njia kuu. Katika karne ya 19, bonde la Mto Mkondoa lilikuwa mojawapo ya mapito ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Ugogo, Unyanyembe na Ujiji. Misafara hiyo ilibeba nguo, shanga na pembe, na pamoja na bidhaa ilibeba barua na habari. Kupita kulikuwa na bei. Watawala wa njiani, hasa Ugogo, walidai hongo, na neno hilo wakati huo lilimaanisha ushuru wa njia kabla halijapata maana ya rushwa tunayoijua leo. Kisha ikaja Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Morogoro, Kimamba na Kilosa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Nyaya za telegramu ziliambatana nayo.

Lakini waya kupita juu ya kichwa cha mkulima hakukumfanya mkulima awe na mawasiliano. Telegramu ilikuwa ya serikali, ya jeshi, ya reli yenyewe na ya mwenye shamba. Manamba waliokuja kutoka mbali kukata mkonge katika mashamba ya ukanda huu walitegemea barua, na asiyejua kuandika alimtegemea anayejua. Hili ndilo somo la kwanza ambalo historia ya Kilosa inatupa: miundombinu kupita mahali ni jambo moja, na kuwahudumia watu wa mahali hapo ni jambo jingine. Nitalirudia somo hili tutakapofika kwenye mkongo.

Baada ya uhuru, dola ilijaribu jibu tofauti. Redio ilikuwa ghali na walioimiliki walikuwa wachache, hivyo serikali ya TANU haikusubiri kila mtu anunue ya kwake. Iliwakusanya watu kuizunguka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliendeshwa kampeni za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ilikuwapo Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kubwa kuliko zote zilizotangulia, Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Katika Mtu ni Afya walishiriki watu wazima takriban milioni 2. Kila wiki kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kikasoma sehemu ya kijitabu, kikajadili, kisha kikaenda kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kusafisha vyanzo vya maji. Redio moja, masikio ishirini, na hakuna aliyeulizwa ana senti ngapi mfukoni.

Sitaki kuipamba enzi hiyo kupita kiasi. Sauti ile ilikuwa moja na ilitoka juu kwenda chini. Mkulima wa Chanzuru aliweza kuisikia Dar es Salaam, lakini Dar es Salaam haikumsikia yeye, na mwenye mawazo tofauti hakupewa kipaza sauti. Aidha, simu ilibaki kuwa fahari ya wachache. Shirika la Posta na Simu, lililorithi huduma hizo baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, liliwafanya watu wasubiri kwa miaka ili kupata laini ya mezani. Hata hivyo kanuni moja iliyokuwa ndani ya kampeni zile inafaa kukumbukwa: kwamba habari inayohitajika kwa uhai wa raia ni wajibu wa umma, na umaskini wa mtu mmoja haupaswi kumfungia mlango.

Kanuni hiyo ilizikwa kimyakimya katika miaka ya 1990. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ilifungua soko. Shirika la zamani likagawanywa, tukapata Shirika la Posta upande mmoja na TTCL upande mwingine, na mwaka 1994 simu ya mkononi ya kwanza ikaanza kutumika nchini. Kampuni nyingine zikafuata mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa uliofuata. Faida ya soko haikanushiki: foleni ya kusubiri laini ilikwisha, na kilichoshindikana kwa miongo mitatu kikawezekana kwa miaka michache. Lakini mabadiliko yalikuja na falsafa yake. Mawasiliano yalitoka kwenye kikundi yakaingia kwenye mfuko wa mtu mmoja mmoja. Chombo cha falsafa hiyo kilikuwa vocha. Raia mwenye vocha alikuwa na sauti, na asiye nayo alikuwa na kifaa kisichosema.

Wananchi hawakukaa kimya. Walibuni kubipu. Anayetaka kupigiwa alipiga, simu ikaita mara moja, akakata kabla haijapokewa, na mwenye uwezo akapiga kwa gharama yake. Watu walikubaliana hadi maana: mlio mmoja nimefika, milio miwili njoo stendi. Waungwana wa mjini walikuona kubipu kama ubahili. Kwa mtazamo wangu ulikuwa uchumi wa kisiasa wa watu wa chini, namna ya kuhamisha gharama kutoka kwa asiyenacho kwenda kwa mwenye nacho bila bunge kupitisha sheria. Anayekaa chini ya ukuta wa maktaba usiku wa manane ni mjukuu halali wa yule aliyebipu.

Mwaka 2009 ulileta matumaini mapya. Mwezi Julai mkongo wa SEACOM uliotandazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, tena kwa bei kubwa. Katika kipindi hichohicho serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao usimamizi wake uko chini ya TTCL. Uwezo uliongezeka na bei ya jumla ikashuka. Lakini somo la telegramu likajirudia. Kati ya mkongo unaopita na simu ya mkulima kuna mnara, kuna kodi, kuna mtoa huduma anayetafuta faida, na mwishoni kuna kifurushi chenye saa ya kufa. Raia hakununua intaneti. Alinunua saa 24 za intaneti, au siku saba, na alichobakiza kikafutika.

Jinsi jambo hili lilivyo la kisiasa ilidhihirika tarehe 2 Aprili 2021, utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza kutumika na wananchi wakagundua kwamba fedha ileile inanunua data kidogo kuliko jana. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilisitisha utaratibu huo mara moja na kuagiza watumiaji warudishiwe vifurushi vya awali. Hakukuwa na chama kilichoitisha maandamano wala umoja wa watumiaji ulioandika waraka. Hasira ya watu, wengi wao vijana, ilitosha. Wanaharakati tulipaswa kujiuliza swali ambalo hatukulijibu: kwa nini bei ya data iliweza kutikisa kile ambacho masuala mengine mengi hayakuweza? Kwa maoni yangu ni kwa sababu data imeshakuwa kama maji na nauli. Imetoka katika orodha ya anasa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye bure. Bure yenyewe ina aina zake, na ni kosa kuzichanganya.

Ipo bure ya mfanyabiashara. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya Tigo kwa kushirikiana na Facebook ilileta nchini huduma ya Internet.org, iliyomwezesha mteja kufungua tovuti chache zilizochaguliwa bila kutozwa data. Wengi walinufaika. Lakini aliyechagua zipi ziwe bure na zipi zilipiwe hakuwa raia. Huduma ya namna hiyohiyo ilizua mjadala mkali nchini India, na mwezi Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya huko ikapiga marufuku bei za data zinazobagua tovuti moja na nyingine. Hoja ya Wahindi ilikuwa nyepesi kueleweka: anayekulipia nauli na kukuchagulia kituo cha kushukia amekupeleka anakotaka yeye.

Ipo bure ya ukarimu: waifai ya mgahawa, ya nyumba ya wageni, ya msikiti au kanisa, ya jirani aliyekupa nywila. Hiyo ina adabu zake. Anayekaa mgahawani saa tatu anunue japo chai, na aliyepewa nywila ya jirani asiisambaze mtaa mzima.

Na ipo bure ya umma, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ili kupeleka huduma mahali ambapo soko halioni faida. Miongoni mwa vyanzo vya fedha zake ni michango ya watoa huduma. Fikiri maana yake. Mtoa huduma hupata fedha kutoka kwa anayenunua vocha, na sehemu ya fedha hiyo huenda kwenye Mfuko. Mama anayeuza mboga Chanzuru, anaponunua kifurushi cha siku, anachangia. Kwa hiyo intaneti ya umma ikifika kijijini kwake haitakuwa zawadi ya mtu yeyote, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa walioilipia.

Mfuko umefanya kazi kubwa, na haki ni kuisema. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hata hivyo vipaumbele vya taifa hujitokeza pia katika mambo mengine. Mwezi Agosti 2022, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, katika Mlima Kilimanjaro, kwenye kimo cha mita 3,720. Sina kinyongo na mpanda mlima. Utalii unaingiza fedha, na mawasiliano mlimani yanaokoa maisha. Lakini nchi iliyoweza kufikisha mtandao juu ya mawingu haiwezi kudai kwamba ofisi ya mtendaji wa kata ni mbali mno.

Kwa nini ofisi ya kata? Kwa sababu dola yenyewe imehama. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba mtandaoni. Anayetafuta kazi serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mtandaoni. Matokeo ya mitihani hutazamwa mtandaoni. Malipo ya serikali yanahitaji namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mabadiliko haya yamepunguza foleni, yamepunguza mianya ya rushwa na yamepunguza gharama za serikali. Nakubali yote matatu. Ninachouliza ni gharama hizo zilikwenda wapi. Zamani serikali ilijenga ofisi, ikaweka dirisha, ikamlipa karani, na raia akatembea kulifikia. Sasa dirisha limehamia ndani ya simu, na nauli ya kulifikia imeachwa kwa raia. Asiyekuwa na simu janja wala data huenda steshenari, akalipia kujaziwa fomu na kuskaniwa vyeti, na mara nyingi akamkabidhi mhudumu asiyemjua nywila yake na taarifa zake zote. Hiyo ni hongo ya njia ya karne ya 21, tofauti ikiwa kwamba safari hii msafara unakwenda kutafuta haki yake kwa serikali yake.

Najua jibu litakalotolewa: ni shilingi chache tu. Kwa mwenye mshahara ni chache. Lakini maombi ya mkopo hayamalizwi kwa siku moja. Mfumo huzidiwa siku za mwisho, picha hukataliwa kwa ukubwa wake, cheti hurudishwa kwa kuwa hakisomeki. Kila kurudia ni kifurushi kingine. Binti wa mkulima anayekosa mkopo kwa sababu data ilikwisha usiku wa siku ya mwisho hatahesabiwa popote kama mwathirika wa sera. Ataandikwa tu kwamba hakuomba.

Kabla ya kuhitimisha, nisimame kidogo Msowero, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Kila aliyesoma historia sekondari analijua jina la Mangungu. Mwezi Novemba 1884 mtawala huyo aliweka alama yake kwenye waraka wa Carl Peters, ulioandikwa kwa Kijerumani na kuitwa mkataba wa urafiki, huku ndani yake ukikabidhi ardhi na haki zote za utawala kwa milele. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa msingi wa mikataba ya aina hiyo. Tumewafundisha watoto wetu kumsikitikia Mangungu kwa kusaini asichoweza kukisoma. Nasi je? Waifai ya bure inapotuuliza kama tunakubali masharti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza katika kurasa nyingi, ni wangapi tunaoyasoma kabla ya kubonyeza?

Silinganishi ukubwa wa madhara. Nalinganisha tabia. Rahisi ghali, walisema wahenga, na mtandao usiotozwa fedha unaweza kutoza namba ya simu, jina, na kumbukumbu za tovuti unazotembelea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na Tume iliyoundwa chini yake, zinatupa pa kusimamia. Nasi wenyewe tuwe na tahadhari: tuhakikishe jina la mtandao kwa mwenyeji kabla ya kujiunga, tusifanye miamala ya fedha kwenye mtandao ulio wazi kwa kila mtu, na tukimaliza tuiamuru simu iusahau mtandao huo ili isijiunge yenyewe siku nyingine.

Basi nini kifanyike? Mapendekezo yangu ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza. Kwanza, mifumo yote ya huduma za serikali ifunguke bila kukata data kwa mtandao wowote wa simu nchini. Afrika Kusini ilifanya hivyo mwaka 2020 kwa tovuti za elimu wakati wa janga la UVIKO-19, na haikuhitaji kumwachia mfanyabiashara achague zipi. Pili, kila ofisi ya kata, kuanzia zile ambazo umeme na mkongo viko karibu, iwe na waifai ya umma inayofanya kazi hata baada ya saa za ofisi, yenye benchi, taa na masharti yaliyoandikwa kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Tatu, gharama na matumizi yake yatangazwe kwenye mbao za kata, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na kifaa cha umma kisichokuwa na wa kukisimamia huzimika baada ya sherehe ya uzinduzi.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kuwasiliana. Vikundi vya redio vya mwaka 1973 viliipa haki ya kupokea mwili wa kushikika, ingawa haki ya kutoa ilibanwa. Leo chombo tulichonacho kinaweza kuhudumia haki zote mbili kwa pamoja. Kilichopungua ni kukubali kwamba hili ni jukumu la umma.

Yule kijana wa Chanzuru amekwisha kuhitimu. Hana tena ukuta wa maktaba wa kukaa chini yake, na kijiji hakina tena posta yake. Mdogo wake alipata mkopo. Nilipomuuliza nani sasa anawapakulia wengine, alifikiri kidogo, kisha akasema kila mtu anajitegemea. Neno kujitegemea lilikuwa na maana nyingine nchini humu.